Ningu Apandaye Mto: Kazi na Mipaka ya Vituo vya Kutotoleshea Samaki

Katika mito inayomwaga maji yake Ziwa Victoria, mvua za masika zilikuwa zikileta neema nyingine mbali na ile ya mashamba. Mto ulipofurika na maji yake kugeuka rangi ya udongo, ningu walitoka ziwani kwa makundi makubwa, wakaingia katika milango ya mito ya Kagera, Simiyu, Mbalageti, Grumeti, Mara, Kuja, Sondu, Yala na Nzoia, wakapanda kinyume cha mkondo hadi kwenye nyasi za kando zilizofunikwa na maji. Huko walitaga, kisha wakarudi ziwani. Wakazi wa kandokando ya mito hiyo waliijua safari hiyo kama walivyojua majira ya kupanda mtama, na waliisubiri.

Leo mwalimu wa Mwanza akiwauliza wanafunzi wake majina ya samaki wa ziwa, atatajiwa sangara, sato na dagaa bila kusita. Ningu huenda asitajwe kabisa. Samaki huyu, ambaye jina lake la kisayansi ni Labeo victorianus na ambaye alielezwa rasmi na mtaalamu Boulenger mwaka 1901, hapatikani kiasili popote duniani ila katika bonde la Ziwa Victoria. Akitoweka hapa, ametoweka duniani. Swali ambalo wanasayansi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakilishughulikia ni hili: je, yawezekana kumzalisha ningu kwa mikono ya binadamu, na kwa njia hiyo kuirudishia mito samaki wake?

NINGU NA SAMONI

Katika nchi za kaskazini swali kama hilo limeulizwa kwa zaidi ya miaka mia moja juu ya samaki aitwaye samoni. Samoni huzaliwa katika kijito cha maji baridi, huteremka hadi baharini, hukua huko kwa miaka kadhaa, kisha hurudi kutaga katika kijito kile kile alichozaliwa. Ningu hafiki baharini, kwa kuwa ziwa ndilo bahari yake. Wala hafi akishataga, kama wafavyo samoni wengi wa Bahari ya Pasifiki. Lakini mpango wa maisha yao unafanana: hukua katika maji mapana, huzaa mtoni, na kati ya sehemu hizo mbili hupita njia moja nyembamba. Mwaka 1959 mtafiti P.J.P. Whitehead aliandika juu ya samaki wapandao mito ya Ziwa Victoria kwa kuwaweka katika kundi lile lile ambalo wanabiolojia huwaweka samoni. Ningu hakuwa peke yake. Kuyu, nembe, gogogo na baadhi ya jamaa za domodomo nao huhitaji mto kwa namna moja au nyingine.

Samaki wa aina hiyo ana udhaifu mmoja mkubwa. Anayetaka kuvua furu hana budi kuwatafuta katika eneo kubwa la ziwa. Anayetaka kuvua ningu wakati wa masika hahitaji kutafuta. Atakaa mlangoni mwa mto, nao watamjia wenyewe, wakiwa wamejaa mayai.

KILICHOWAPUNGUZA

Zamani uvuvi wa ningu ulifanywa kwa migono na nyua za mafunjo au miti zilizozibwa sehemu ya mto. Mitego hiyo ilikamata samaki wengi, lakini ilikuwa na mapengo. Mafuriko makubwa yaliibomoa, na mingine ilitegwa kukamata samaki waliokuwa wakirudi, baada ya kutaga. Mwanzoni mwa karne ya 20 ziliingia nyavu za makila, na katika miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, zisizooza na zisizoonekana kwa urahisi majini. Nyavu hizo zilipotandazwa kuvuka mlango wa mto, samaki walinaswa kabla ya kutaga. Kufikia mwaka 1965 mtafiti Cadwalladr alikwisha kuandika juu ya kuanguka kwa uvuvi wa ningu, akieleza pia jinsi mbinu za asili za uvuvi katika Mto Nzoia zilivyokuwa zikififia pamoja na samaki wenyewe.

Mwaka huo unastahili kukumbukwa. Ni desturi siku hizi kumtwisha sangara lawama zote za kupotea kwa samaki wa asili. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini aliongezeka kwa kishindo katika miaka ya 1980. Kuhusu furu, ambao watafiti wa Kiholanzi kutoka Leiden walikuwa wakiwachunguza katika Ghuba ya Mwanza tangu mwaka 1977, lawama hiyo ina msingi: aina nyingi zilitoweka machoni mwa watafiti wenyewe. Lakini ningu alikuwa amekwisha kupungua zaidi ya miaka kumi na mitano kabla ya hapo. Sangara alikuta kazi imeanzwa na wavu.

Baadaye yaliongezeka mambo mengine: ukataji wa mafunjo na kulima hadi ukingoni mwa mto, udongo unaoteremka na maji ya mvua, na uchafu. Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa Tanzania yaligeuka meusi na samaki wengi wakafa. Yai la samaki, ambalo haliwezi kukimbia, ndilo la kwanza kudhurika maji yanapoharibika.

KAZI YA KITUO

Ili kuelewa kituo cha kutotoleshea kinafanya nini, hesabu moja inatosha. Ichukuliwe kwamba ningu jike mmoja hutaga mayai 40,000. Ili idadi ya ningu isipungue wala isiongezeke, yatosha mayai mawili tu kati ya hayo yafikie kuwa samaki wazima wenye kuzaa, mmoja badala ya mama na mmoja badala ya baba. Hilo ni yai moja katika kila 20,000. Mengine yote 39,998 huliwa, hukauka maji yanapokupwa, huota ukungu, hufunikwa na tope, au huanguliwa na kutoa vifaranga ambao nao huliwa. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea katika wiki za mwanzo za uhai. Kituo huziingilia wiki hizo. Hakimfundishi samaki kuishi wala hakimwongezei uzazi. Humvusha tu katika kipindi ambacho wenzake karibu wote hufa.

Kazi yenyewe huanza kwa kukamata samaki wazazi walio karibu kukomaa. Hapo hutokea kikwazo cha kwanza. Ningu aliyewekwa bwawani hunenepa na mayai yake hukua, lakini hatagi, kwa sababu hapati ishara ambazo mto humpa: maji yanayopanda, mkondo wenye nguvu, mabadiliko ya joto na ya uchafu wa maji. Katika samaki wa porini ishara hizo hufika kwenye ubongo, nao huamrisha tezi ndogo iliyo chini yake, iitwayo pituitari, itoe homoni za kukomaza mayai. Mwaka 1934 nchini Brazili, von Ihering alionyesha kwamba dutu iliyotolewa katika tezi ya samaki mmoja, ikidungwa katika mwili wa mwingine, huweza kumfanya atage bila ya kuona mafuriko. Njia hiyo, pamoja na homoni zilizotengenezwa viwandani baadaye, imeenea duniani kote. Katika Kituo cha Kajjansi nchini Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1947 kwa majaribio ya ufugaji wa samaki, ningu walitagishwa kwa njia hiyo, na matokeo yakachapishwa na Rutaisire na Booth mwaka 2004. Nchini Kenya pia watafiti wamewazalisha ningu, wakachunguza malezi ya vifaranga vyao na namna ya kuwasafirisha bila kuwadhuru.

Saa kadhaa baada ya sindano, jike hufutwa maji kwa kitambaa, kisha hukamuliwa tumbo polepole mpaka mayai yatoke katika bakuli kavu. Dume naye hukamuliwa manii juu ya mayai hayo. Wanafunzi wengi hushangaa kusikia neno kavu: je, samaki si mnyama wa majini? Sababu ni kwamba mbegu ya kiume ya samaki wa maji baridi huanza kuogelea mara inapoguswa na maji, na nguvu zake huisha baada ya muda mfupi sana, aghalabu dakika moja tu au pungufu. Maji yakitangulia, mbegu nyingi zitakufa kabla ya kukutana na yai. Kwa hiyo mayai na manii huchanganywa kwanza kwa unyoya laini, ndipo maji hutiwa.

Mayai yaliyorutubishwa huwekwa katika vyombo ambamo maji safi hupita bila kukoma, yakileta oksijeni na kuondoa taka. Yaliyokufa hugeuka meupe, nayo hutolewa upesi yasije yakaambukiza mengine ukungu. Kwa joto la maji ya ukanda huu, huanguliwa baada ya siku chache, tofauti na mayai ya samoni wa nchi za baridi ambayo hukaa miezi. Kifaranga huzaliwa na mfuko wa kiini tumboni, akiba aliyopewa na mama. Akiba hiyo ikiisha bila yeye kupata chakula kidogo cha kutosha mdomo wake, hufa. Hapo ndipo vituo vingi hupoteza vifaranga wao. Wanaovuka huhamishiwa bwawani lililorutubishwa ili liwe na vijimea na vijidudu vya kuliwa, nao hukaa humo hadi wawe na ukubwa wa kidole.

WAZAZI WANGAPI?

Tanzania si ngeni katika ufugaji wa samaki. Majaribio ya mabwawa yalianza mwaka 1949 huko Korogwe, mkoani Tanga, na Malya, mkoani Mwanza, ingawa mengi ya mabwawa ya wakati huo yalikwama kwa ukosefu wa maji na wa matunzo. Siku hizi vituo vya Kanda ya Ziwa huzalisha hasa vifaranga vya sato na kambare kwa ajili ya mabwawa na vizimba. Lakini kituo cha kulishia watu na kituo cha kurudishia samaki mtoni si kitu kimoja, hata kama mabirika yao yanafanana. Mfugaji humtaka samaki akuaye haraka, mpole, anayekubali chakula cha mkononi. Huchagua wazazi wachache walio bora na kuzaa kutokana nao. Kwa samaki atakayerudi mtoni uchaguzi huo ni hasara, kwa kuwa mto mwaka huu ni wa mafuriko na mwaka ujao ni wa ukame, na hakuna ajuaye ni tabia gani itakayohitajika. Kinachotakiwa ni kuhifadhi tofauti zote zilizomo.

Hesabu ya tofauti hizo hutumia kanuni ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaimudu. Idadi halisi ya wazazi kwa upande wa urithi ni mara nne ya madume ukizidisha kwa majike, kisha ukagawanya kwa jumla ya madume na majike. Kwa kuwa dume mmoja hutoa manii ya kutosha mayai ya majike wengi, mtumishi wa kituo hushawishika kutumia madume wachache. Tuseme ametumia madume 2 na majike 50. Mara nne ya 2 mara 50 ni 400, ukigawanya kwa 52 hupata 7.7. Samaki 52 wamefanya kazi ya samaki wasiozidi 8! Lau angetumia madume 26 na majike 26, jibu lingekuwa 52 kamili. Katika hali ya kwanza, takriban asilimia 6.5 ya tofauti za urithi hupotea kwa kizazi kimoja. Katika hali ya pili, asilimia 1 hivi. Vifaranga wanaweza kuwa laki moja katika hali zote mbili, na mtu anayewatazama kwa macho asione lolote.

Aidha, wazazi watoke katika mto ule ule ambao vifaranga watarudishwa. Ningu wa Kagera wamezoea mto mpana usiokauka; wale wa Simiyu wamezoea mto ambao kiangazi hubakiza madimbwi na mchanga. Kuwahamisha ovyo ni kuchanganya yale ambayo miaka elfu nyingi imeyatenganisha. Kwa ngege hatari ni kubwa zaidi. Ngege, ambaye zamani alikuwa samaki mkuu wa biashara ziwani na leo anapatikana katika viziwa vya pembezoni kama Kanyaboli nchini Kenya, na katika Bwawa la Nyumba ya Mungu alikopelekwa na binadamu, huweza kuzaa na sato. Kituo kisichowapambanua vema wazazi kinaweza kutoa chotara kwa jina la ngege.

FUNZO LA IDAHO

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Ziwa Redfish, katika milima ya Idaho, Marekani. Samoni wa ziwa hilo husafiri kilomita zaidi ya 1,400 kutoka baharini, na njiani hukutana na mabwawa manane ya umeme. Mwaka 1991 walitangazwa kuwa katika hatari ya kutoweka. Mwaka 1992 alirudi samaki mmoja tu, naye dume. Wachache waliorudi miaka ile walichukuliwa, wakazalishwa kwa uangalifu mkubwa, kila ndoa ikipangwa kwa kuangalia nasaba. Mwaka 2014 walirudi zaidi ya 1,500. Bila kituo, ukoo huo usingekuwapo.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2013 kilifunguliwa kituo kipya, kikubwa zaidi, mahali penye chemchemi nzuri. Vifaranga wakakua vizuri, wakapakiwa magarini, wakapelekwa mtoni, na wengi wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba maji ya chemchemi yalikuwa magumu, yaani yenye chumvi nyingi za kalisi, ilhali maji ya mlimani yalikuwa laini mno. Mwili wa samaki haukuhimili badiliko la ghafla. Dawa ikawa kuwazoesha kwanza katika maji ya ugumu wa kati. Jambo dogo la kemia, ambalo darasani hupimwa kwa sabuni na chupa, liliponza kazi ya miaka. Nayo mabwawa manane yangali pale pale, na katika miaka ya karibuni idadi ya wanaorudi imeshuka tena sana.

Kuna onyo jingine, la polepole zaidi. Mwaka 2007 Araki na wenzake walichapisha uchunguzi wa jamaa mmoja wa samoni katika Mto Hood, jimbo la Oregon. Waliona kwamba uwezo wa samaki kuzaa mtoni ulipungua kwa kadiri ya asilimia 40 kwa kila kizazi kilicholelewa kituoni. Kituoni hufaulu samaki asiyeogopa kivuli, anayekimbilia juu mtu akisogea na chakula. Mtoni kivuli hicho ni cha korongo. Kwa hiyo wataalamu hushauri kwamba wazazi wachukuliwe kila mara kutoka porini kadiri iwezekanavyo, na kwamba vifaranga wasikae kituoni muda mrefu kuliko inavyolazimu.

MLANGO WA MTO

Yote hayo hurejesha swali pale lilipoanzia, mlangoni. Baadhi ya furu wa Ziwa Victoria walipelekwa katika matangi ya Ulaya na Marekani baada ya kuporomoka kwao, nao wamezaliana humo kwa miongo kadhaa. Uhai wao umehifadhiwa, lakini kuzaliana kwao katika matangi hakukuyaondoa mambo yaliyowamaliza ziwani. Ningu ana bahati kuwazidi, kwa maana tatizo lake kubwa linajulikana na mahali pake panajulikana. Mlango wa Mto Simiyu si ziwa zima. Mtu aweza kusimama na kuuona. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, vinavyojulikana mialoni kwa jina la BMU, vinaweza kujua ni nani ametandaza timba hapo usiku wa mvua. Pasipo ulinzi huo, kituo kitakuwa kinawalisha wenye nyavu kwa gharama ya umma. Na mvuvi anayeambiwa aondoe wavu wake kwa wiki za masika hana budi kuelezwa atakula nini katika wiki hizo, la sivyo atarudi gizani.

Yafaa pia kila kifaranga anayeachiwa awekewe alama, kwa mfano kwa kukatwa pezi dogo. Bila alama, ningu akionekana mtoni baada ya miaka miwili hakuna atakayejua kama ametoka kituoni au ametoka kwa mama aliyeponyoka wavu, na fedha zitaendelea kutumika kwa imani tu.

MAZOEZI YA DARASANI

1. Kituo kina madume 10 na majike 90. Tafuta idadi halisi ya wazazi kwa upande wa urithi. Je, ingekuwaje kama majike 60 wangerudishwa mtoni na kubakizwa 30?

2. Chukua maji ya ziwa, ya kisima na ya mvua. Katika kila chupa tia maji ya ujazo sawa, kisha ongeza maji ya sabuni tone kwa tone huku ukitikisa, mpaka povu lidumu. Panga maji hayo kwa ugumu. Ni yapi yangefaa kumzoesha kifaranga anayetoka kisimani kwenda ziwani?

3. Ichukuliwe kwamba kituo huachia vifaranga 10,000, na mmoja katika kila 100 hufikia kukomaa. Wakipanda mto, nyavu za mlangoni hunasa 9 katika kila 10. Wangapi watataga? Sasa ichukuliwe kwamba hakuna kituo, bali ningu 200 wa porini wanapanda, na kwa ulinzi wa wiki za masika nyavu hunasa 4 tu katika kila 10. Wangapi watataga? Jadili ni lipi lianze, na kama yote mawili yakifanywa pamoja jibu litakuwa ngapi.